Simu ya Bibi Isivikwe Kitambaa

Hashil,

Nshatoka, nnakwenda mtaa wa Ng'ambo. Wali umo sufuriani. Dada yako Nadra kalala, usimwamshe. ~~Mwite fundi wa kompyuta.~~ Fundi wa nini tena!

Nadra kalia asubuhi nzima. Fomu ya chuo mwisho leo, na intaneti, si yapita laini ya simu, kila ikishika inakatika. Kumbe simu ya chumbani kwa Bibi, ya laini hiyohiyo, kaivika kitambaa cha kufuma, basi mkono wa simu haukai sawasawa, laini yashikwa. Nikakivua. Ukurasa ukafunguka, fomu ikenda!

Na wewe ulonambia, "Mama, hii kompyuta, si jiko." Haya, nani kaipika ikaiva?

Jibu la chuo litapita humohumo. Ole wake atakayekirudisha kitambaa! Hata Bibi, ila yeye mwambie kwa adabu.

Mama yenu