Ruhusa ya Kupanda Paa

Jumanne, Oyugis

Na bado mikono inanuka mbao. Chuo hakitanipa digrii ya usimamizi wa ujenzi nisipofanya kazi ya paa katika mafunzo ya nyanjani, na huku kwetu ni mwiko mwanamke kupanda juu ya nyumba. Wiki nzima mafundi wamekuwa wakinituma misumari tu.

Leo asubuhi kazini, msimamizi wetu akiwa karibu, nilimpigia Baba, nyumbani Uriri. Sikutaka kupanda bila yeye kujua.

Akauliza, "Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni darasa, Baba. La shule ya msingi."

"Darasa halina mwenye boma, mwiko haulihusu. Nipe huyo msimamizi wenu."

Msimamizi akaenda kando na simu yangu, wakaongea Kijaluo. Akarudi akicheka, akaniita binti wa Uriri kwa Kijaluo. "Nyar Uriri, vaa kofia. Ukianguka, babako atanila mbichi."

Nikapanda. Nilipigilia mabati mpaka upande mmoja ukaisha.

Jioni Baba akapiga tena. Nilidhani ataulizia mambo ya chuo.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka, Baba."

"Haya," akasema, akakata.

Baadaye Mama akaniambia kwamba mchana kutwa Baba hakugusa chakula.