Futi Sita za Jua Lako

Mpendwa Mama,

Hukunizaa, na kila aliyetuona tukiandamana kwenda sokoni Nyeri alilijua hilo. Mimi mrefu kama mlingoti wa bendera, mtu wa kutoka Bungoma, na wewe mfupi na kiondo mgongoni, tukiongea Kiswahili chetu cha kuungaunga. Nilipofika kwako kukodi chumba cha uani nilikuwa na sanduku moja na barua ya kuajiriwa na baraza la mji, kanjo kama ulivyoliita, uhuru ungali mchanga. Mwezi haukuisha kabla hujaacha kuniita mpangaji. "Wafura," ulisema, kwa sababu l ya Wafula ilikukataa kabisa, "huko wewe ni mutu ya kanjo. Hapa ni mtoto. Kuja ukule." Nimekuita Mama tangu siku hiyo. Najua barua haifiki ulipo sasa, lakini nimeiacha wazi ili binti yako Wambui aisome pamoja na wanawe. Kuna jambo nililokutendea ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na nimechoka kulala nalo.

Unakumbuka zile asubuhi za Jumapili, kabla ya kengele ya kanisa? Nilikuwa nimekabidhiwa kitabu cha sheria za ujenzi, Kiingereza kigumu kama kokoto, nami nilitakiwa kukijua chote ndipo nithibitishwe kazini kuwa mkaguzi wa majengo. Ulikuwa unanyosha miguu barazani, upande wa mashariki, ili jua liyaguse magoti yako yenye baridi yabisi. Pembeni umeanika maharagwe kwenye gunia. Nami nilikuwa nakutafsiria. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha linalofunguka nje. Ngazi iwe pana, watu wawili wapishane. Jiko liwe na njia ya kutolea moshi. Na ukuta wowote wa ghorofa wenye madirisha ukae futi kumi kutoka mpakani, ili jirani asikose mwanga na hewa.

Hapo ukaacha kuchambua maharagwe. "Ati serikali inapimia mtu hata jua?"

"Inapima, Mama."

"Wacha!" Ulicheka mpaka machozi yakakutoka. Wiki nzima ukawa unawahubiria akina mama kwenye mfereji wa maji kwamba mzungu ameenda na sasa hata jua iko na sheria, na kijana wako ndiye analinda hiyo sheria. Mimi nilijisikia mtu mkubwa sana.

Kisha baraza likabadilisha mpango wa mtaa wetu. Hapo mwanzo tuliruhusiwa nyumba za chini peke yake. Sasa ghorofa tatu zikakubaliwa, maana wafanyakazi walikuwa wanamiminika mjini na hapakuwa na pa kulala. Kiwanja cha jirani yako upande wa mashariki kikanunuliwa na bwana mmoja mwenye maduka. Ramani ya fleti zake ikapita juu ya meza yetu. Ilikuwa ramani nzuri, siwezi kuisema vibaya. Ilikuwa imebanwa tu, kila futi ya kile kiwanja imepewa kazi.

Kazi yangu ilikuwa kwenda na utepe kuukagua mtaro wa msingi kabla zege haijamwagwa. Kitabu kilisema upime kutoka kwenye bikoni, ile nondo ya mpimaji iliyosimikwa kwenye saruji na kuandikwa namba. Kontrakta akanionyesha jiwe lililopakwa chokaa. "Hii ndiyo kona," akasema. Bikoni yenyewe haikuonekana. Ilikuwa imefukiwa na udongo wa miaka. Nilipaswa kusimamisha kazi na kuagiza itafutwe.

Ukatoka nyumbani na fimbo yako. "Hapana, hapana. Mpaka ni hii matoka." Ukayaonyesha yale maua meupe yenye mizizi kama vitunguu, ambayo Wakikuyu hupanda mpakani na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeyang'oa. "Mzee wangu alipanda hii jirani akiangalia. Wakakunywa pombe, wakamaliza. Hakuna mtu alipiga kelele."

Matoka yako yalikuwa futi sita mbele ya jiwe lile, upande wa jengo; ukipima kutoka hapo, mtaro ulikuwa umeacha futi nne tu.

Nitakwambia kilichokuwa kichwani mwangu, usije ukadhani nilihongwa. Hakuna aliyenipa chochote. Ila ofisini walikuwa wananitania kila siku: Wafula ameolewa na ile nyumba, anapikiwa, siku akiulizwa kitu na yule mama atapima na mwiko. Na hapo kwenye mtaro wenzangu wawili walikuwa wamesimama, wanatabasamu. Nilikuwa nangoja kuthibitishwa. Nilikuwa nangoja nyumba ya baraza ili nimlete mke wangu kutoka Bungoma. Basi nikajifanya sikujui. Nikakujibu mbele yao, kwa sauti ya ofisini, "Mama, baraza halitambui maua." Nikapima kutoka kwenye jiwe, futi kumi barabara, nikatia sahihi.

Ulinitazama kidogo, kisha ukawageukia wale wenzangu. "Kama yeye amesema ni sawa, ni sawa. Huyu anajua kitabu." Ukarudi ndani. Kumbe ulikuwa unanitetea, na mimi nimetoka kukuaibisha.

Hilo lilikuwa kosa, Mama, na kosa lingeweza kusahihishwa. Linalonila ni la baadaye.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha ya chini, kontrakta alitaka kuweka ua kwenye mstari wa jiwe, ukaambiwa uyaondoe matoka. Hukuita wazee wala hukuenda kulia kwa chifu. Ulichukua jembe mwenyewe, na Jumamosi mchana nikakukuta umeinama, unayachimbua moja moja ili ukayapande upya kwenye mstari niliokupimia. Jembe likalia. Ukachakura kwa mkono, halafu ukaniita.

"Wafura, kuja uone. Kuna chuma hapa."

Nikachuchumaa. Nikapangusa udongo kwa kidole gumba. Saruji ya mpimaji, nondo katikati, namba imechorwa. Ilikuwa ile ile namba iliyo kwenye ramani, na nilikuwa naijua kwa moyo. Bikoni ilikuwa chini ya matoka ya mzee wako, kwa sababu mzee wako alijua alipokuwa anapanda.

Siku hiyo bado ilikuwa mapema. Ningekwenda ofisini nikasema, jamani, nilikosea, simamisheni. Bila futi hizo sita ramani ile haikutosha kwenye kiwanja. Ingechorwa upya na upande wako ungeachwa wazi. Nami ningekuwa mkaguzi aliyepimia jiwe la chokaa, na barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa imeshachapwa, inangoja mhuri tu. Yote hayo yalinipitia nikiwa bado nimechuchumaa.

Nikasema, "Ni chuma ya zamani tu, Mama. Fukia."

Ukafukia. Ukakanyaga udongo kwa mguu wako ili ushikamane.

Ghorofa tatu zikasimama. Unajua kuliko mimi kilichofuata, kwa kuwa mimi nilihamia nyumba ya baraza na wewe ukabaki kwenye kivuli. Nilipokuja kukusalimu Julai, ukungu umetanda, taa ya mafuta ilikuwa inawaka saa nne asubuhi. Jua lilikufikia karibu na adhuhuri, na kule Nyeri adhuhuri ndipo mawingu ya mlimani hushuka. Maharagwe yako yaliota ukungu kwenye gunia. Madirisha ya majiko yao yalikuwa yanapumua moshi wa makaa juu ya mabati yako. Ulikuwa umehamisha kiti mara tatu kuzunguka nyumba ukitafuta mahali pa kuweka magoti. Hukulalamika hata siku moja, na mimi nilitamani sana ungenitukana.

Mwaka wa tatu ukamwachia bwana wa maduka kiwanja chako, ukaenda Endarasha kukaa na mdogo wako. Nilikuja huko mara mbili tu. Mara ya pili kulikuwa na wageni, majirani wamekuja kumenya viazi. Ukanishika mkono ukanisimamisha mbele yao kama mtu anayeuza ng'ombe. "Huyu ndiye kijana yangu ya kanjo," ukasema. "Niko na yeye tangu akiwa mwembamba. Hajawahi kula haki ya mtu." Wakanipigia makofi, Mama. Nami nikatabasamu, nikapokea kikombe cha chai, nikanywa.

Siku ya kukuzika Wambui alinipa nafasi ya kusema kama mwana. Nilisema ulikuwa mkarimu, nikaketi. Nilistaafu nikiwa na heshima zangu zote. Nimekagua majengo Nyeri, Chaka hadi Nanyuki, na baada ya lile lako sikupitisha mtaro hata mmoja bila kuiona bikoni kwa macho. Vijana wa ofisi walinisifu kwa ukali huo. Sikuwaambia niliutoa wapi.

Wambui akitaka kunifungia mlango baada ya kusoma haya, ana haki, na usimzuie. Wewe sikuombi msamaha, maana ungenipa upesi mno, na chakula juu yake. Nataka tu nikwambie maneno ambayo ningepaswa kuyasema nikiwa nimechuchumaa pale, udongo ungali kwenye vidole vyetu.

Ni bikoni, Mama. Usifukie. Mpaka uko pale ulipouonyesha, na mimi nimekosea.

Mwanao wa chumba cha uani