Bila Sahihi Yangu, Shirleen Hatakuja

Jumapili, 1 Februari 2026

Uvumi umefika hadi chumba cha kubadilishia nguo: Shirleen anakuja Jeddah. Rosebellah ndiye aliyeuleta mazoezini, na kila mtu akapiga makofi. Kwa nini wasipige? Shirleen ndiye mfungaji bora wa ligi nzima ya mpira wa kikapu, na sisi tumekuwa tukipigwa kila tunapokwenda. Hata mimi nilipiga. Tulisoma shule moja Kisumu, yeye nyuma yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka kabla ya mechi.

Vincent alikuwa amepika. Bado sijazoea kupaita hapa nyumbani — chumba cha dereva kando ya geti la baba, ndivyo tunavyomwita mwajiri wake, mtaa wa Al-Nuzha, na dirisha linaloangalia gari analoendesha. Tangu tuoane tulikuwa tunaonana likizo tu, yeye huku, mimi Kenya. Nilipopata klabu, msimu wa kwanza wakanilaza kwenye fleti ya wachezaji. Msimu huu baba alitazama cheti chetu cha ndoa, akatazama kimo changu, akacheka, akasema mke wa Vincent akae na Vincent. Basi. Tumeishi kama watu.

Jumanne, 3 Februari

Nimeitwa ofisini kwa meneja Talal. Nilidhani ni mambo ya ikama, kibali changu cha kuishi huku.

Kumbe ni Shirleen. Na mimi.

Najaribu kuandika alivyonieleza, labda nikiandika nitaelewa. Ligi ina kikomo cha mishahara. Jumla ya mishahara ya wachezaji wa kigeni katika klabu isipite pale, ili matajiri wasijikusanyie nyota wote. Sisi tumeshagusa dari. Hivyo hata klabu ikiwa na hela za kumlipa Shirleen, haiwezi kumchukua bila kutoa mishahara inayokaribia wake. Rosebellah anakwenda Riyadh, kwenye klabu ya Shirleen, naye ameridhika, atacheza zaidi. Lakini mshahara wa Rosebellah haufikii. Linabaki pengo dogo.

Pengo hilo ni mimi.

Si kwamba Riyadh wananitaka. Kochi wao hata jina langu labda halijui. Mimi ni wa benchi, naingia wengine wakiwa na faulo nyingi. Wanachohitaji ni mshahara wangu, na mshahara haupandi ndege bila mwenyewe.

Nikamuuliza, kwa nini asiende yule Mmarekani? Wake ni mkubwa mno, Riyadh nao watapasua kikomo chao. Wasichana Wasaudi? Hawahesabiwi. Basi Shirleen akubali kupunguziwa? Haiwezekani, mshahara uliosajiliwa hauguswi msimu ukiwa katikati. Alijibu yote upesi, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi. Dirisha la usajili linafungwa Alhamisi ya wiki ijayo, kabla ya Ramadhani. Akasema halas, yamekwisha, kila kitu kimepangwa, jiandae.

Nimemwambia Vincent. Aliendelea kuosha sahani ileile.

Jumatano, 4 Februari

Nimempigia Cliff, ajenti wangu, Nairobi. Ati hii ni kazi, Beldina, wachezaji wanahama kila siku, Riyadh ni mji mkubwa. Nikasema mume wangu yuko Jeddah. Akasema kuna ndege.

Cliff ni ajenti wa Shirleen pia. Nilikuwa nimesahau.

Ijumaa, 6 Februari

Mama Shirleen amekuja kula kwetu. Anafanya kazi ya nyumba Al-Rawdah, na Ijumaa madam wake humpa ruhusa ya saa chache. Vincent alisonga ugali, mimi nikapika omena, dagaa wa kwetu, walioletwa na mtu aliyetoka likizo.

Mama alikuja nchi hii Shirleen akiwa darasa la pili. Amebadilisha nyumba, amebadilisha makafili, wale wenyeji wanaotudhamini, mtoto akalelewa na nyanya yake. Wameonana likizo mbili tu. Sasa wote wako Saudia, huyu Jeddah, yule Riyadh, na bado hawaonani. Madam hawezi kumwachilia hadi Riyadh na kurudi. Shirleen akija kwa mechi, anaondoka na timu. Mama hajawahi kumwona binti yake akicheza ila kwenye simu, na kwenye simu, alisema, mpira ni mdogo kama punje ya njugu, hajui kama umeingia mpaka aone watu wakiruka.

Ameshaambiwa kwamba Shirleen anakuja. Ameomba madam ambadilishie siku ya mapumziko ifuate siku za mechi. Madam amekubali! Alikuwa anatueleza huku akicheka, mkono juu ya goti langu.

Hajui kuwa ni mimi ninayetolewa. Sikumwambia. Vincent alitoka nje akasema anaenda kuangalia maji ya gari.

Jumapili, 8 Februari. Riyadh

Jana tumepigwa tena. Dakika nilizopewa nilimkaba Shirleen, kama kukaba moshi. Alifunga mbele ya uso wangu kisha akaniambia pole kwa Kiluo, na refa akatutazama vibaya.

Asubuhi hii aliomba ruhusa tutoke pamoja kabla ya ndege yetu. Tukaenda soko la Batha. Alisema anamnunulia mama yake viatu. Batha kumejaa kama kawaida — watu wa kutuma pesa, mablanketi, masufuria, kila lugha. Viatu hatukununua. Tukaketi kwa Wahabeshi, chai ikaja, na akawa haigusi.

Akaniuliza, "Wamekuambia kwamba unaweza kukataa?"

Nikamwambia hakuna cha kukataa, halas.

Akatoa simu. Cliff alimtumia makubaliano ayapitie, na katikati kuna mstari: yote haya yatategemea ridhaa ya Beldina. Kwa sababu mkataba wangu ni wa mwaka mmoja, na nimeirudia klabu ileile. Mchezaji wa namna hiyo hahamishwi bila kusaini kwamba amekubali. Ni sheria ya ligi, ya kulinda wadogo. Rosebellah hana haki hiyo, mkataba wake ni mrefu. Shirleen mwenyewe hana. Mimi wa benchi ndiye niliye nayo.

Nilisoma mara ngapi sijui. Talal alijua. Cliff alijua.

"Mimi nataka kuja," Shirleen akasema. "Sikudanganyi, nataka sana. Nimekua bila huyo mama. Lakini nikija wewe ukiwa hujui, nitamwangaliaje?"

Nikamuuliza ananiambia nisaini au nisisaini. Akasema hilo hawezi kuniambia, na machozi yakaanza, na mimi nikamkasirikia. Nimeandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimkasirikia kwa kuniambia. Jana nilikuwa mtu anayehamishwa tu. Leo mimi ndiye mlango.

Jumatatu, 9 Februari

Nimemuuliza Talal habari ya ridhaa, hakuona haya hata kidogo. Alisema alikusudia kunieleza siku ya kusaini. Kisha akalainika — chai, tende, habari za Vincent. Kisha akaacha kulainika. Klabu haitasahau mtu aliyewanyima Shirleen. Mkataba wangu unaisha msimu huu, na mpya hautakuwepo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma hali ya hewa.

Cliff alipiga, akanikemea, akakata, akapiga tena kuomba radhi.

Maana yake ni nini? Nikikataa, nabaki na Vincent hadi msimu uishe, kisha narudi Kenya, mke wa likizo tena. Nikikubali, naenda Riyadh, mwenyewe kwenye fleti, pengine wananipa msimu mwingine, pengine hapana. Njia zote mbili zinapita mbali na chumba hiki.

Mazoezini hakuna aliyeniongelesha. Wameshajua. Rosebellah alinirushia mpira kwa nguvu, kisha akaja akanishika bega, akasema naye anataka kwenda, kule ataanza mechi, tafadhali.

Jumanne, 10 Februari

Mama Shirleen amepiga simu mchana. Kwa kawaida hapigi siku za kazi. Aliuliza kama nimekula. Aliuliza Vincent hajambo. Akasema madam ana wageni. Akaniita nyathina, mwanangu kwa Kiluo, kama anavyomwita binti yake, akasema Mungu anilinde, akakata.

Anajua. Na hakusema. Afadhali angeniomba waziwazi, ningepata la kujibu.

Mimi na Vincent tumegombana, kwa sauti ya chini kwa sababu ukuta wa baba uko karibu. Alisema nilishaamua tangu Batha, kwamba namwonea Shirleen huruma kuliko yeye. Nikamuuliza yeye anataka nini hasa. Akasema kwani yeye ameulizwa? Kweli, hakuna aliyemuuliza. Hata mimi.

Nikamuuliza. Akakaa kitandani akisugua viganja. Akasema anachokiogopa si mimi kwenda. Ni kwamba tutazoea tena. Tulikuwa tumezoea kuishi mbali, na ilimchukua muda kujifunza kulala na mtu chumbani, na sasa amejifunza.

Jumatano, 11 Februari

Siku ndefu. Kumetokea njia!

Shirleen aliongea na viongozi wake Riyadh. Klabu yao ina mabasi na inatafuta dereva. Wako tayari kumchukua Vincent, wamhamishie ikama kwao. Nilipiga kelele ukumbini, nikaziba mdomo.

Lakini baba lazima amwachilie. Vincent alisema hawezi kumwomba. Hii ndiyo nyumba ya kwanza hapa Saudia ambamo hajafokewa. Jioni akaenda hata hivyo, nikamwona kwa dirisha amesimama mbele ya kiti cha mzee, mikono nyuma. Baba aliuliza nani atampeleka msikitini Ijumaa, kisha akasema mke ni mke, nenda. Vincent alirudi macho mekundu. Sikuuliza zaidi.

Nikampigia Talal mwenyewe, nikiwa na furaha. Akasema, subiri kwanza.

Ni kikomo tena! Klabu ikimpa kazi mume wa mchezaji, ligi inaweza kusema ni mshahara wa mchezaji uliofichwa. Klabu fulani zamani zilikuwa zinawaajiri kaka na mashemeji kuwalipa nyota kisirisiri, ndipo sheria ikawekwa. Mshahara wa Vincent ukihesabiwa pamoja na wangu, Riyadh wanapita dari, na mabadilishano yote yanakufa. Nikamwambia, lakini mimi si nyota! Nani atanilipa mimi kisirisiri? Akasema sheria haijui nyota, inajua jumla.

Wameandikia ofisi ya ligi. Dereva halisi, mshahara wa dereva yeyote, kazi halisi. Wanasubiri jibu. Wakikataa, Vincent hana Riyadh. Na kwa baba ameshaaga.

Tumekaa tu. Ugali umekauka mezani.

Alhamisi, 12 Februari

Daftari nimeliacha nyumbani, naandika kwenye simu. Nitanakili baadaye.

Niko ofisini kwa Talal. Dirisha linafungwa jioni hii, na nje jua limeanza kulala juu ya maegesho. Baba alimpa Vincent gari anilete, na Vincent amekataa kubaki garini. Ameketi pembeni yangu na shati la kanisani.

Ligi haijajibu. Talal amepiga simu tangu mchana. Wanamwambia faili iko mezani, mkubwa anaipitia. Anasema jibu linaweza kuja kabla ya dirisha kufungwa, linaweza kuja kesho likiwa halina kazi. Sahihi yangu haiwezi kusubiri hilo. Nisaini sasa bila kujua, au nisisaini, na Shirleen abaki alipo.

Nikauliza, nikisaini na ligi ikamkataa Vincent, mimi bado naenda? Ndiyo. Ridhaa haina masharti. Ikiwa na masharti, si ridhaa.

Rosebellah yuko kwenye korido na masanduku yake, kila mara anachungulia.

Shirleen ametuma ujumbe. Yuko uwanja wa ndege Riyadh, wamemwambia akae tayari, tiketi ikitoka aingie. Ameandika: usinifikirie mimi. Nimemjibu: nitaachaje? Kisha nikafuta, nikatuma: sawa.

Mama Shirleen hajatuma chochote.

Nimemwambia Vincent kwa Kiswahili cha haraka, Talal asielewe, kwamba yeye aseme, chochote atakachosema nitafanya. Amesema hapana, hiyo hataibeba peke yake, wala mimi nisiibebe peke yangu. Nikamwambia karatasi ina nafasi ya jina moja tu. Akasema anaona.

Sasa simu ya Talal imeita. Ametutazama, ametoka nayo. Kabla ya kutoka ameisukuma karatasi mbele yangu na kuweka kalamu juu yake. Yuko upande wa pili wa kioo, anatembea, anatikisa kichwa, na sijui anamkubalia mtu au anamkatalia. Rosebellah amesimama.

Naandika kwa kidole gumba cha kushoto, polepole. Mkono wa kulia, wa kusainia, Vincent ameushika. Ameushika kwa mikono yake yote miwili na hajauachilia, na Talal amegeuka, anarudi mlangoni, na kalamu bado iko juu ya karatasi.