Uyoga wa Ukutani

Baba Kanana,

Chai iko kwa thamosi. Ugali umefunikwa. Uyoga ulio kwenye sufuria ni wako wote, Kanana asiguse.

Baba yangu ndiye ameuleta asubuhi hii kutoka Meru. Krismasi aliona ile picha yako ya uyoga, ile Wazungu walichora miaka mia mbili iliyopita ikachapwa upya Nairobi, akauliza mbona umeitundika sebuleni. Ungemwambia tu inaficha doa la mvua kwa sababu hujaziba bati. Lakini wewe ukajibu eti unapenda uyoga kuliko nyama! Wewe, ambaye ukisikia harufu yake unatoka nje!

Mzee wa watu ameamka alfajiri kuuchuma, akapanda basi ya kwanza. Sasa yuko sokoni. Saa saba atarudi akuone ukila.

~~Mwambie ukweli.~~ Usithubutu, utamvunja moyo. Kula, tabasamu, omba uongezewe.

Mimi niko kanisani na akina mama mpaka jioni. Nikicheka huko, Mungu atanisamehe.

Na ule ufa wa jikoni, ukitaka kuuficha, tundika picha ya mbuzi.

Mama Kanana