Koti Kwenye Msumari

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Nimerudia kitabu toka mwanzo. Sielewi kitu! Padri aliyetuachia alisema hata maprofesa wa Kinshasa wanamkimbia mwandishi huyu. Watu wanapaka nyumba chokaa, wanabishana juu ya chokaa, na kila mara koti liko kwenye msumari. Basi.

Katembo, mume wangu, alitaka kukichana afungie chumvi hapa dukani. Nikagoma. Alipoondoka kufuata maharagwe Ngungu tukawekeana ahadi: nikikielewa kabla hajarudi, atasonga bugali mwenyewe, hapa mlangoni, Itebero nzima imwone. Atausonga tu!

Jumatano, 11 Novemba

Wapita njia wanasema kuna risasi upande wa Ngungu. Nasoma. Kitabu hakitanishinda.

Alhamisi, 12 Novemba

Jirani yetu Gustave ametoka kuwinda. Nikamuuliza kama ameua. Ananijibu mvua, mbwa wake, mto umejaa — mtu gani huyu! Mkewe Pétronille akacheka, ameshabandika sufuria kubwa.

— Dada, muntu wa pori hawezi taja kitu kikubwa mbio mbio. Anazunguka. Kitu ile anaruka bila kutaja, ile njo habari yenyewe.

Kumbe nguruwe mzima alikuwa amelazwa nyuma ya nyumba!

Ijumaa, 13 Novemba

Nimempata mwandishi! Koti lile — hakuna anayelivaa. Hakuna hata anayeligusa! Mwenye koti alikufa kabla hadithi haijaanza, na wote wanamzunguka kwa maneno ya chokaa. Nimecheka, halafu nimelia. Rudi upesi, Katembo. Mwiko unakungoja.

Jumapili, 15 Novemba

Jana Gustave alikwenda kumpokea Katembo njiani. Amerudi sasa hivi. Peke yake. Amesimama uani, mimi na daftari langu mapajani.

— Mvua iko mingi kule, Mama Kavugho.

Nikamuuliza Katembo yuko wapi.

— Tope nayo... Daraja ilianguka. Huyu mbwa amechoka sana.

Hapana. Kitu kikubwa chaweza kuwa kizuri. Nguruwe alikuwa kitu kizuri! Namwangalia Pétronille. Akibandika sufuria, nitajua Katembo yuko nyuma anakuja.

Amepita jiko. Amevua kitambaa cha kichwa. Anaketi kando yangu, chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha.

Naandika. Siachi. Nikiinua kalamu tu, atafungua mdomo, na mimi sitaki —