Bahasha Mbili za Orpah

Nyanchwa, Kisii
7 Novemba 1971

Kwa dada yangu Bosibori,

Pokea salamu nyingi kama majani chai ya huko kwenu Nyamira. Je, hujambo wewe, shemeji, na ule mguu wako unaouma siku za kazi tu? Sisi tu wazima. Ndizi zimezaa, na mimi nimebaki na meno sita, yote yanafanya kazi.

Habari kubwa ni ya Orpah, binti yangu uliyemlea. Unajua tangu mwaka wa sitini na saba anatoboa kadi katika ofisi moja Nairobi, na mashine inayasoma yale matundu na kufanya hesabu. Chumba kizima kilikuwa cha wasichana, na wakubwa walisema ni kazi ya wanawake, kama kushona. Orpah mwenyewe alisema ni kama vile vikapu ulivyomfundisha kusuka: ukikosea mzunguko mmoja, unafumua upya.

Basi ikaja kompyuta mpya, ikafungiwa nyuma ya vioo, na wanaoiandikia maagizo wakaanza kuitwa wataalamu. Ghafla kazi ikaota ndevu! Wakaletwa vijana wenye tai, Orpah akaambiwa awafundishe, kisha arudi kwenye kadi zake, eti kichwa cha mwanamke hakiwezi mambo yale. Aliniuliza hiyo mashine imejuaje nani mwanamume. Nikamwambia labda ilichungulia. Hakucheka.

Sasa dada, keti. Mwaka jana Orpah aliomba nafasi ya kusomea hayo maagizo, akaandika anwani ya hapa nyumbani. Jina lake likasomwa kanisani baada ya ibada, pamoja na majina ya wengine wenye barua, nami nikapokea, maana kwetu barua ya binti ni ya baba. Mwalimu Abner akanisomea, maana ilikuwa ya Kiingereza: anaitwa kwenye mtihani. Nikawaza, mashine kubwa vile lazima inawashwa kwa kuzungusha chuma mbele, kama lori la zamani. Itamvunja mkono msichana! Nikampa Nehemiah, kaka yake, aende badala yake.

Nehemiah aliporudi alisema walipoona suruali hawakuuliza jina. Walimkaribisha hata chai. Akakaa mbele ya karatasi kwa saa tatu, akachora ng'ombe.

Orpah hajui kama aliwahi kuitwa. Alilia hapa kwangu, na mimi huyuhuyu nikamfariji, nikamwambia barua hupotea njiani.

Jana Sabato jina lake lilisomwa tena. Kumbe ameomba mara ya pili, kimya kimya. Bahasha ni nene kama ile ya kwanza, na muhuri ni uleule. Vidole vimeniwasha, lakini sijaifungua.

Najua anakuja kwako Jumapili ijayo. Zote mbili nimekuwekea humu, ile ya mwaka jana ina doa la chai ya Nehemiah. Anza na hiyo. Mwambie ukweli wote, anitukane mpaka atosheke, wewe umsaidie pale atakapoishiwa maneno. Ndipo umpe hii nyingine aifungue kwa mkono wake mwenyewe.

Wasalimie watoto wote, na shemeji mwambie yule mbuzi aliyenichinjia bado namkumbuka. Na Orpah akishaingia nyuma ya vile vioo, aje anionyeshe hicho chuma cha kuzungusha kiko wapi.

Ni mimi kaka yako mkorofi,
Mogaka