Makaburi Uliyokataa Yalimwe

Shikamoo, dada yangu mpendwa,

Tangu tukuzike kijijini Tlawi, kila nikipita njia ya Hanang na kuona ngano nakukumbuka. Naandika wazi ili na wengine wakujue.

Katika ukoo wetu, wewe ndiye wa kwanza kuandika programu ya kompyuta. Uliporudi na digrii ya hesabu, shamba la ngano la serikali lilikupa chumba chenye mashine iliyoletwa na wataalamu wa kigeni. Mimi nilikuwa dereva wa trekta. Mama aliniuliza, "Dada yako anafanya kazi gani, mbona harudi na udongo miguuni?" Nikamwambia unaifundisha mashine kupanga nani alime wapi.

Kisha shamba likapanuliwa kuelekea Balangdalalu, ambako wafugaji walikuwa wamezika wazee wao. Mpango wako ulipotoka, sehemu ya makaburi ilikuwa imerukwa. Meneja akakuita ofisini, pamoja na sisi madereva.

"Mashine imekosea," alisema.

"Haijakosea, mzee," ulimjibu. "Mimi ndiye niliyeiambia ipaache."

"Basi iambie vingine."

"Hapana. Kuna watu wamelala pale."

Mimi nilitazama chini, nikiomba unyamaze.

Wiki hiyo hiyo wakakuachisha kazi. Lakini mvua zilikuwa zimekaribia na hapakuwa na mwingine wa kuandika mpango upya, kwa hiyo tulilima kwa mpango wako. Nilizungusha trekta kando ya makaburi yale, masikio yote nyuma, nikingoja meneja aniite. Msimu uliofuata alikuja mtaalamu mwingine, plau ikapita juu ya makaburi. Yamebaki yale ya upande wa korongo tu.

Wewe ulikwenda Dar es Salaam, ukafundisha kompyuta chuoni mpaka ukastaafu. Hukuwahi kuniuliza kwa nini siku ile sikusema neno.

Sasa binti yangu Anna amefuata kazi yako. Jana alinipigia: "Baba, wakubwa wananitaka niandike kitu ambacho naona kitaumiza watu. Nifanyeje?" Nilitaka kumwambia atii tu, ale mkate wake kwa amani. Badala yake nikamsimulia habari yako yote, hata ile plau. Akasema, "Asante, Baba. Kesho naingia kuonana nao."

Hiyo kesho ndiyo leo. Jua limeshazama hapa Dongobesh na hajapiga. Sijui, dada, kama nimemsaidia au nimemponza.

Pumzika salama.

Ni mimi, mdogo wako.